Nyayo za Vijana Wetu: Tuliyojifunza Katika Mbio za Baada ya Alfajiri

Na Mwandishi Wetu, Mlowo

Atakaye kujua namna watu wa mji wetu wanavyokanyaga ardhi, na asimame barazani mwa msikiti siku ya Ijumaa akitazama viatu. Sisi wa kamati tunalazimika kuvitazama, kwa kuwa baada ya Swala hapakosi malalamiko: huyu amechukuliwa malapa yake, yule ameachiwa viatu viwili vyote vya mguu wa kushoto, na mwingine anadai kiatu kipya ambacho hakuna aliyewahi kumwona nacho. Kwa miaka mingi hatukuona katika viatu hivyo ila viatu. Mwaka huu ndipo tulipobaini kuwa raba za vijana wetu wanaokimbia zina habari ya kueleza. Baadhi yake zimelika kisigino mpaka sponji inaonekana, ilhali mbele soli ingali na nakshi zake. Nyingine zimelika mbele tu, chini ya vidole. Wenye raba za namna ya kwanza ndio hao hao waliokuwa wakitujia wakilalamika magoti.

Jambo lenyewe lilianza baada ya Idi ya kuchinja, kwa nia njema kabisa. Vijana wa madrasa walikuwa wakipoteza muda kando ya barabara kuu iendayo Tunduma, kwenye maegesho ya malori, na wazazi wakaiomba kamati iwatafutie jambo la kuwashughulisha. Tukaafikiana kwamba siku tatu kwa wiki, baada ya Swala ya Alfajiri, wakimbie kilomita nne hivi kwa njia ya udongo ipitayo kati ya mashamba ya kahawa, mbali na magari. Baridi ya Mbozi ya mwezi wa Juni kila mwenyeji anaijua, nasi hatukutarajia wengi. Siku ya kwanza walitoka vijana 31.

Hapo ndipo tulipokosea, na kosa ni letu sisi wa kamati. Ijumaa iliyofuata tulitangaza kwa kipaza sauti kwamba kila mzazi amnunulie mwanawe raba nzuri, zenye soli nene, ili asije akaumia. Hakuna aliyetuuliza maneno hayo tumeyatoa wapi, wala sisi hatukujiuliza. Baada ya majuma mawili walibaki vijana 14. Tukalaumu uvivu. Mmoja wetu alithubutu kusema katika kikao kwamba vijana wa zama hizi hawawezi kuamka, nasi wengine tukatikisa vichwa kukubali.

Aliyetufumbua macho ni mama mmoja auzaye mboga sokoni. Alimjia mhazini wetu kuomba mkopo. "Shehe wangu," alisema, "mwanangu anaamka kama kawaida, anaswali na wenziwe, kisha anajificha nyuma ya vyoo vya msikiti mpaka waondoke. Anaona haya kukimbia na malapa. Nikopesheni nimnunulie hizo raba, nitalipa kidogo kidogo mahindi yakitoka."

Tulipopita nyumba kwa nyumba tukakuta vijana 11 waliojitoa kwa sababu hiyo hiyo. Kwa tangazo letu la dakika moja tuliwafungia mlango watoto wa mafukara katika jambo ambalo Allah amelifanya kuwa rahisi kuliko michezo yote, lisilohitaji mpira wala uwanja.

Na hao waliobaki nao hawakusalimika. Kijana mmoja aliyenunuliwa raba nene za mitumba alianza kuhisi maumivu makali kwenye muundi, mbele ya mguu, hata akawa anachechemea akienda msalani. Mwingine, aliyesoma katika simu kwamba mwanadamu aliumbwa kukimbia peku, alivua viatu siku hiyo hiyo akakimbia kilomita zote nne juu ya changarawe, akarudia keshokutwa, na keshokutwa yake tena. Juma la tatu mguu wake ulivimba kwa juu. Daktari aliyempiga picha alimwonyesha ufa mdogo katika mfupa wa wayo, akamkataza kukimbia kwa majuma sita. Mmoja aliumia na soli nene, mwingine aliumia bila soli. Ndipo tukaamua kusoma na kuuliza kabla ya kushika tena kipaza sauti.

La kwanza tulilojifunza ni kutofautisha kutembea na kukimbia. Atembeaye hutanguliza kisigino, na hilo ni la kimaumbile, halina lawama. Mtembeaji daima ana mguu mmoja ardhini. Mkimbiaji huruka, kila hatua kuna nukta ambayo miguu yote miwili iko hewani, kisha mwili mzima unashukia mguu mmoja. Ikiwa ameurusha mguu huo mbele sana, goti limenyooka na kisigino ndicho kinachopiga ardhi, kishindo hupanda kwa ghafla kupitia muundi, goti na nyonga. Lakini mguu ukishuka karibu na chini ya kiwiliwili, goti limekunjika kidogo, na sehemu pana iliyo nyuma ya vidole ikigusa ardhi mwanzo au pamoja na kisigino, basi uvungu wa wayo, kano ya kisigino na shavu la mguu huupokea uzito kama springi na kuurudisha katika hatua ifuatayo.

Wayo mmoja una mifupa 26. Miguu miwili ina 52, na mwili mzima wa mtu mzima una mifupa 206. Yaani robo ya mifupa yetu Muumba ameiweka chini ya vifundo vya miguu. Kiungo kilichounganishwa kwa vipande vingi namna hiyo si gogo la kuegemea tu. Kimeumbwa kujikunja na kujikunjua, na kuihisi ardhi.

Habari hizi zilipata umaarufu mkubwa Januari 2010, pale Profesa Daniel Lieberman wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, na wenzake walipochapisha utafiti wao katika jarida la Nature. Waliwalinganisha wakimbiaji wa Marekani na wa Kenya, miongoni mwao Wakalenjin wa Bonde la Ufa, wakiwemo vijana waliokua bila kuvaa viatu. Walichokiona ni kwamba waliozoea kukimbia peku mara nyingi hutua kwa sehemu ya mbele ya wayo au kwa wayo mzima, na ule mshtuko wa ghafla wa kisigino haupatikani kwao hata kwenye ardhi ngumu. Waliozoea raba zenye kisigino kirefu cha sponji, wengi wao walitua kwa kisigino, kwa kuwa sponji huwafichia maumivu ambayo yangewaonya. Tukumbuke pia kwamba raba za namna hiyo si za kale. Zilienea ulimwenguni kuanzia miaka ya 1970. Babu zetu waliotembea kutoka huku milimani mpaka pwani hawakuzijua.

Mwenye insafu, hata hivyo, hasomi utafiti mmoja akafunga kitabu. Mwaka 2013 watafiti wengine walikwenda kwa Wadaasanach, wafugaji wa kaskazini mwa Kenya karibu na Ziwa Turkana, ambao nao hukua wakitembea peku. Waliwapima watu wazima 38. Katika mwendo wa kujistarehesha, asilimia 72 walitua kwa kisigino. Walipoongeza kasi ndipo wengi wao zaidi walipogeuza. Kwa hiyo asiseme mtu kwamba kila asiyevaa viatu hukimbia namna moja, au kwamba kuvua viatu peke yake kunafundisha. Kasi ina sehemu yake, ardhi ina sehemu yake, na mazoea yana sehemu kubwa.

Na biashara nayo ina sehemu yake, kwa pande zote mbili. Baada ya mwaka 2010 Marekani na Ulaya zilikumbwa na wimbi la viatu vyembamba, vingine vimetengenezwa kama glavu zenye vidole vitano. Kampuni ya Vibram, iliyouza viatu hivyo vya vidole, ilishitakiwa kwa kudai manufaa ya kiafya ambayo hayakuwa na ushahidi wa kutosha. Mwaka 2014 ilikubali kutoa dola milioni 3.75 kumaliza kesi, bila kukiri kosa. Mwaka mmoja kabla yake watafiti huko Marekani waliwafuatilia wakimbiaji 36 kwa majuma kumi, kundi moja likihamishiwa viatu hivyo vyembamba. Zaidi ya nusu ya waliohamia walionekana, kwa kipimo cha MRI, wameanza kupata uvimbe ndani ya mifupa ya miguu. Tulipoisoma habari hiyo tulimkumbuka kijana wetu mwenye ufa. Mifupa yake haikuwa na kasoro. Aliibebesha kwa siku tatu mzigo ambao ungehitaji miezi.

Katika kikao chetu alitajwa pia Abebe Bikila wa Ethiopia, na kila aliyemtaja alimtaja nusu. Ni kweli kwamba tarehe 10 Septemba 1960, mjini Rome, Bikila alishinda marathoni ya Olimpiki akiwa peku, kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16, rekodi ya dunia. Na aliyemfuatia kwa sekunde 25 tu ni Rhadi Ben Abdesselam wa Morocco. Ulimwengu ukashangaa. Lakini Bikila huyo huyo alikwenda Tokyo mwaka 1964 akiwa amevaa viatu, akashinda tena, kwa saa 2, dakika 12 na sekunde 11, rekodi mpya. Miguu ilikuwa ile ile, na ufundi ule ule aliujenga kwa kukimbia peku miaka mingi. Ndugu yetu Alphonce Simbu, aliyeipatia Tanzania medali yake ya kwanza ya dhahabu katika mashindano ya dunia, hapo Tokyo Septemba 2025, alikimbia na viatu vya kisasa vyenye soli nene. Alimshinda Mjerumani Amanal Petros kwa tofauti ya sekunde 0.03. Hatuwezi kuwaambia vijana kwamba soli nene ni haramu ya michezo. Tunachoweza kuwaambia ni kwamba kiatu huvaliwa na mguu unaojua kazi yake.

Sisi Waislamu tuna jambo la kuongeza hapa, nalo limetufariji. Imepokewa na Abu Daud kwamba mmoja wa Masahaba alisafiri mpaka Misri kwa Fadhala bin Ubayd (RA), ambaye wakati huo alikuwa amiri, akamkuta hana viatu miguuni. Akamuuliza sababu. Fadhala akajibu kwamba Mtume (SAW) alikuwa akiwaamrisha kutembea peku baadhi ya nyakati. Lizingatiwe neno hilo: baadhi ya nyakati. Si siku zote, wala si kuviharamisha viatu. Kwani imethibiti katika Sahih Bukhari kwamba Mtume (SAW) mwenyewe alivaa viatu, na vilikuwa na gidamu mbili. Amiri wa watu hakuona haya kuonekana peku mbele ya mgeni. Mtoto wa muuza mboga wa Mlowo tulimfanya aone haya mbele ya wenziwe.

Hata ufundi wa mbio umo katika mapokezi. Salama bin al-Akwa (RA), aliyesifika kwa kukimbia, alishindana na mtu mmoja wa Ansari kuelekea Madina. Anasimulia mwenyewe, katika Sahih Muslim, kwamba mwanzoni alijizuia kwa masafa kadhaa akihifadhi pumzi yake, kisha ndipo akamfukuzia mwenziwe mpaka akampita. Vijana wetu hufanya kinyume: mita mia mbili za mwanzo kila mmoja ni swala, za mwisho kila mmoja ni kobe. Na mtu akichoka ndipo hatua zake zinaporefuka ovyo na visigino kuanza kupiga.

Basi sasa tunafanyaje? Wazazi wengi wametuuliza, nasi tunaeleza tunavyofanya hapa kwetu, si kwa kudai utaalamu.

Hatuwaambii vijana wafikirie visigino, kwa sababu anayefikiria kisigino hukimbia kwa ncha za vidole kama mwizi, akaumia mashavu ya miguu. Tunawaambia mambo mepesi: simama wima, tazama mbele, mikono isivuke kifua, hatua ziwe fupi na za haraka, na mguu usisikike. Hilo la mwisho ndilo lililofaa kuliko yote. Katika ukimya wa alfajiri, kwenye udongo mkavu, kishindo cha anayepiga kisigino husikika kabla hujamwona mwenyewe. Idadi ya hatua pia husaidia. Kocha Jack Daniels alihesabu hatua za wakimbiaji katika Olimpiki ya Los Angeles mwaka 1984, akaona karibu wote wanafikia 180 au zaidi kwa dakika. Kijana wetu wa muundi tulipomhesabia alikuwa na 148. Hatukumtaka afike 180, kwa kuwa yeye si mwanariadha wa Olimpiki na hana kasi hiyo. Tulimtaka aongeze kumi hivi, na magoti yake yakapata nafuu kabla hajabadilisha kiatu.

Peku wanakimbia kidogo tu, mwishoni mwa mazoezi, kwenye nyasi za uwanja wa shule uliokwisha kukaguliwa vigae vya chupa. Waanze na mita mia mbili. Juma lifuatalo waongeze kidogo, na mwenye maumivu juu ya wayo au kwenye kano ya kisigino aache siku hiyo hiyo bila kungoja kuambiwa. Njia yote iliyobaki wanavaa walichonacho, ila malapa. Malapa humlazimisha mtu kuyashika kwa vidole kila hatua, nayo huteleza vibaya mvua zikianza na udongo wetu mwekundu ukawa sabuni. Asiye na raba tumemtafutia katambuga, zile ndara za tairi za gari wanazovaa ndugu zetu Wamasai, zenye mkanda nyuma ya kisigino. Soli yake ni bapa, haina kisigino kilichoinuliwa, mwiba haupenyi, na bei yake haimlazimu mama yeyote kukopa. Matajiri wa Ulaya wanatoa fedha nyingi kununua kiatu chenye sifa hizo hizo. Tuliona ajabu, kisha tukacheka.

Wapo wasiopaswa kabisa kuvua viatu, na hapa hatufanyi mzaha. Mwenye ugonjwa wa kisukari hupoteza hisia za nyayo polepole bila kujua. Mzee wetu mmoja, aliyekuwa akituongoza katika dhikri, alikanyaga msumari uani kwake asubuhi na kuugundua jioni alipovua kiatu. Miezi mitatu baadaye alikatwa mguu. Mwenye kisukari avae viatu hata ndani ya nyumba, akague nyayo zake kila siku, na kama anataka mazoezi atembee baada ya kuonana na daktari. Tunaotawadha mara tano kwa siku tunashika nyayo zetu mara nyingi kuliko watu wengine; mwenye kisukari autumie wudhuu wake kutazama na kupapasa kati ya vidole, kisha akaushe. Kwa watoto, tahadhari ni minyoo ya safura, ambayo huingia kupitia ngozi ya miguu palipo na uchafu, na pepopunda. Karibu na vyoo, sokoni na kwenye maji yaliyotuama, mtoto avae viatu. Uani na kwenye nyasi safi, aachwe.

Kina mama wametuuliza kama na wao wana fungu. Bi Aisha (RA) alishindana mbio na Mtume (SAW) safarini akamshinda, na siku nyingine, alipokuwa amenenepa, Mtume (SAW) akamshinda, akamtania kwamba hiyo ni kulipa ile. Nyumba ambamo mume na mke hutaniana kwa mbio haina haja ya kutuuliza sisi wa kamati. Tuliloweza ni kuwaombea walimu uwanja wa shule wenye ukuta, siku za Jumamosi asubuhi, na ustadhat wa madrasa ndiye anayewasimamia. Tunasikia wanakimbia kimya kuliko wavulana.

Tangazo la pili tulilisoma Ijumaa, kwa kipaza sauti kile kile, na tukaomba radhi kwa lile la kwanza. Jumatatu iliyopita tulihesabu vijana 27. Mama auzaye mboga hakuchukua mkopo. Mwanawe alitoka na katambuga mpya, akakaa katikati ya kundi mpaka kwenye reli ya TAZARA, na wakati wa kurudi akawa wa nne. Yule mwenye ufa wa mfupa amebakiza majuma mawili. Kwa sasa anakaa langoni mwa uwanja wa shule na viatu vyake miguuni, akiokota vigae na kuwahesabia wenziwe hatua.